Viboko wa Ziwa Edward na Chungu cha Mvuvi



Katika Kivu ya Kaskazini nani asiyemjua samaki wa Ziwa Edward? Mama humnunua sokoni Butembo au Goma, akampika kwa nyanya na pilipili, na watoto huzunguka sahani kwa furaha. Lakini ni wachache wanaojiuliza: samaki huyu amelishwa na nani? Jibu litawashangaza wengine. Mmoja wa walishaji wake ni kiboko.

Kazi ya usiku

Kiboko mzima huweza kuwa na uzito wa kilo 1,500 na kupita. Mchana kutwa hukaa majini, kwani ngozi yake haivumilii jua kali. Jua likizama hutoka, hupanda ukingo, na kula majani ya mbuga, hata kilo 40 kwa usiku mmoja. Alfajiri hurudi majini, na huko hutoa mavi yake.

Tusione haya kulitaja jambo hili. Mkulima atiaye mbolea katika shamba lake ataelewa upesi. Mavi ya kiboko hustawisha vimea vidogo sana vya majini, ambavyo jicho haliwezi kuviona. Vimea hivyo huliwa na vidudu na samaki, na samaki wadogo huliwa na wakubwa. Basi kila usiku kiboko huchukua mbolea ya nchi kavu na kuipeleka ziwani, wala hadai mshahara.

Hesabu ya kusikitisha

Mbuga inayozunguka sehemu ya Kongo ya ziwa hili ilianzishwa mwaka 1925, ikaitwa kwa jina la Mfalme Albert. Leo yaitwa Mbuga ya Taifa ya Virunga. Katika miaka ya 1970 viboko waliokaa ndani yake walipita 25,000. Katika Afrika nzima palikuwa na mahali pachache pa kulinganishwa napo. Lakini walipohesabiwa mwaka 2005 hawakufika hata 1,000.

Ni nani aliyewamaliza? Mwaka 1994 wakimbizi mamia ya maelfu walifika kutoka Rwanda, wakakaa karibu na mbuga. Mwaka 1996 vita vikaanza, na bunduki zikaenea kila mahali. Watu wenye silaha, wengine askari na wengine waasi, waliwapiga risasi viboko wakiwa wamekusanyika majini. Nyama iliuzwa katika vijiji na miji, na meno yakauzwa mbali kama pembe za ndovu.

Tukumbuke kwamba kiboko jike huchukua mimba miezi minane na kuzaa mtoto mmoja tu, kisha hukaa karibu miaka miwili kabla ya kuzaa tena. Bunduki moja huharibu kwa asubuhi moja kazi ya kina mama wengi kwa miaka mingi.

Wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge waliona matokeo katika nyavu zao: samaki wakapungua. Hata hivyo haki yatudai tuseme kweli yote. Kiboko siye sababu peke yake. Mitumbwi imezidi, nyavu zenye macho madogo hukamata hata vitoto vya samaki, na wengine huvua mahali samaki wanapozalia. Ziwa limepigwa pande zote mbili: mlishaji ameuawa, na watoto wamevuliwa kabla ya kukua.

«Lakini watu wana njaa!»

Ndivyo watakavyosema wengine, nasi hatuwezi kulipuuza neno hilo. Baba ambaye watoto wake wamelala bila kula hawezi kutulizwa kwa hotuba juu ya wanyama. Kadhalika mama aliyelima miezi mitatu, akakuta shamba limekanyagwa usiku mmoja, ana machozi ya haki. Tena kiboko ni mnyama wa hatari. Ameua watu, hasa wale wanaokutana naye njiani gizani. Ndiyo maana kumlinda mnyama bila kumlinda jirani yake mtu ni kazi nusu. Katika Virunga, mahali pengine, zimejengwa nyua za umeme ili tembo wasiingie mashambani. Huo ni msaada wa kweli: shamba lapona, na mnyama pia apona.

Lakini tuulize: mauaji yale makubwa yalimshibisha nani? Faida iliwaendea wenye bunduki na wafanya biashara. Mvuvi maskini alibaki na wavu mtupu. Kweli, mtaka yote hukosa yote.

Tusiwasahau pia wale waliosimama kuzuia uharibifu huo. Walinzi zaidi ya 200 wa Virunga wameuawa kazini. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, walikufa walinzi 12 kwa siku moja, pamoja na dereva wao na raia wanne. Wengi wa walinzi wa Virunga ni wana wa vijiji vyetu. Kila mmoja wa waliokufa alikuwa na watu waliomngoja nyumbani.

Onyo la mwaka 2025

Mwezi Aprili 2025 viboko kama 50 walionekana wamekufa katika mto Ishasha na kando ya ziwa. Safari hii haikuwa risasi, bali ugonjwa wa kimeta. Wakuu wa mbuga waliwaonya wakaaji wasile nyama ya pori, tena wachemshe maji kabla ya kunywa. Kimeta hushika ng'ombe, mbuzi na watu pia. Basi ukikuta mnyama amekufa porini au malishoni, usimkate, usimgawe, wala usimguse. Mpashe habari mganga wa wanyama au mkuu wa kijiji. Ugonjwa hauulizi huyu ni mnyama au ni mtu.

Na nyumbani kwetu?

Labda msomaji atasema: «Mimi nakaa mbali na ziwa, sijamwona kiboko hata siku moja.» Vema. Lakini moyo unaomtendea kiboko ni ule ule unaomtendea kuku wa nyumbani.

Kuchinja kuku ili kula si kosa. Lakini kuna haja gani kumfunga miguu na kumning'iniza kichwa chini juu ya kinga tangu kijijini hadi sokoni, saa nne juani? Mbuzi amefungwa juu ya mizigo ya lori kutwa nzima bila maji: je, tone la maji lingemgharimu mwenye mali kiasi gani? Nanyi watoto wa masomo, mbwa yule mliyempiga mawe jana njiani, aliwakosea nini? Mnyama hana neno la kujitetea, lakini maumivu anayasikia. Mungu alimpa mtu mamlaka juu ya viumbe kama mtunzaji apewavyo nyumba ya bwana wake. Mtunzaji hutumia, lakini havunji. Tena mtoto aliyezoea kucheka mnyama akilia, kesho hatashindwa kucheka mwenzake akilia.

Wazazi, tuanze na lililo karibu: maji kwa mbuzi kabla ya safari, kapu kwa kuku, kisu kikali ili kuchinja kusiwe mateso marefu. Wavuvi, tuache nyavu za macho madogo.

Tangu hesabu ile ya 2005 viboko wa Virunga wameongezeka tena, polepole, mtoto mmoja mmoja. Usiku wa leo, wengi wetu tukiwa tumelala, watatoka majini kwenda malishoni. Alfajiri watarudi na mbolea yao. Tuwaachie njia.