Wachezaji wa plastiki wasiotii hadi wafunzwe

Kwa miaka mingi, katika nyumba nyingi za Marekani, palikuwa na zawadi ya Krismasi iliyoanza kwa vifijo na kuishia kwa machozi. Ndani ya boksi mlikuwa na kiwanja cha bati, wachezaji wadogo wa plastiki na waya wa umeme. Mtoto aliwapanga wachezaji wake 11 kuwakabili 11 wa ndugu yake, akawasha swichi, bati likanguruma kama mzinga wa nyuki. Mara mkimbiaji wake hodari akageuka na kuelekea goli lake mwenyewe! Wenzake walizunguka palepale kama pia. Haikuchukua siku nyingi boksi likasukumwa mvunguni.

Mchezo huu huigiza futiboli ya Kimarekani, ile ambayo mpira wake una umbo la yai na hubebwa mikononi. Uliuzwa kwa mara ya kwanza mwaka 1949 na kampuni ya Tudor ya New York, iliyoongozwa na Norman Sas. Wazo alilipata katika mchezo wa mbio za magari uliokuwa ukitengenezwa na kampuni hiyo hiyo. Mwaka 1967 wachezaji walianza kuvikwa rangi za timu halisi za ligi kuu ya huko, NFL. Kisha mwaka 1977 ikaja michezo ya elektroniki ya kushikwa mkononi, na watoto wengi wakahama.

Waliobaki, wengi wao sasa ni watu wazima, waligundua jambo ambalo mtoto yule hakuelezwa: mchezaji anayetoka dukani hajakamilika.

Siri imo katika kitako anachosimamia. Chini yake mna vijino vyembamba vya plastiki vilivyoinama kuelekea nyuma. Sumaku ya umeme hulitetemesha bati, na kila mtetemo vijino hupinda kidogo na kukisukuma kitako mbele. Kijino kimoja kikiwa kirefu au kimelala kuliko wenzake, mchezaji huvutwa upande. Basi mtoto hakuwa na mkosi. Alikuwa na vijino visivyolingana.

Fundi huanza kwa kukiweka kitako juu ya kioo, akachungulia kama vijino vyote vinagusa. Kitako kilichopinda hutiwa katika maji ya moto ili plastiki ilainike, kisha hunyooshwa na kuachwa kipoe. Hapo huchukua koleo ndogo isiyo na meno, akabana kijino kimoja polepole, akawasha swichi, akatazama, akazima. Kazi hii haitaki haraka: akizidisha nguvu kidogo tu kijino huvunjika, na jioni nzima imepotea. Nadhani hapa ndipo baba wengi waliposhindwa; walileta zawadi, lakini hawakuketi.

Tena si wote wanaofunzwa mwendo mmoja. Wa mstari wa mbele hutakiwa kuwa na nguvu za kusukuma, hata wakienda taratibu. Mkimbiaji hutakiwa kwenda mbio na kunyooka. Uzito nao una kazi yake, kwa maana mzito hulikamata bati vizuri zaidi. Ndiyo sababu mashindanoni wachezaji hupimwa kwenye mizani kabla ya mechi.

Rangi huja baadaye. Kwa brashi nyembamba fundi huandika namba mgongoni, huchora mistari ya kofia, na wengine humpaka mchezaji hata matope magotini. Ni kazi ya kupendeza macho, ingawa haiongezi mwendo hata kidogo.

Mchezaji akishapatana na kitako chake, wengi hutia alama chini yake. Vitako vinafanana mno, na aliyekesha akikirekebisha kimoja hataki kukitafuta asubuhi kati ya 22.