Kamshafti ya Kale: Pima Kabla ya Kulipa

Msee akikuonyesha kamshafti ya zamani akiapa ni ya mashindano, usitoe pesa kwanza. Huenda anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Chukua ile ya Ford V8, injini iliyotoka 1932 na kupendwa na vijana wa California waliojiundia hotirodi. Mafundi kama Ed Winfield na Ed Iskenderian walichonga upya nundu za kamshafti ili vali zifunguke zaidi. Angalia ncha zote mbili, wachongaji wengi waligonga jina au namba hapo. Lakini muhuri pekee si ushahidi. Huenda mwingine aliichonga tena baadaye.

Sasa pima. Kwa kalipa, chukua kimo cha nundu kutoka kileleni hadi mgongoni, toa kipenyo cha sehemu yake ya duara. Jibu ndilo mwinuko.

Kuna mtego lakini. Nundu ya mbio ni pana, kwa hivyo kalipa hushika mteremko badala ya duara, na mwinuko unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Dawa ni kulaza kamshafti kwenye vishikizo viwili vya V, geji ya mshale yenye mguu bapa juu ya nundu, na sahani ya nyuzi 360 mwishoni. Zungusha. Hesabu nyuzi kuanzia mwinuko wa inchi 0.050 hadi ushuke tena hapo, kisha zidisha kwa mbili, kwani kamshafti ikizunguka mara moja krenki imezunguka mara mbili.

Niliacha chuo nikidhani nimeachana na hesabu. Kumbe ndizo hulinda mfuko!