Lisbon, Mji Ulioandika Jina la Kilwa kwenye Dhahabu

Katika mtaa wa Janelas Verdes, juu kidogo ya mto Tejo, yapo Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale ya Ureno. Humo ndani, kwenye kabati la kioo, kimewekwa chombo cha dhahabu chenye kimo kinachozidi sentimita 70. Ni monstransi, ambayo mapadri wa Kikatoliki huitumia kuonyeshea Ekaristi. Mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka, kila mmoja na uso wake, na rangi zilizochomewa kwenye dhahabu hazijapauka mpaka leo. Watalii wengi huipiga picha wakapita, maana makumbusho hayo yana pia mchoro maarufu wa Hieronymus Bosch na viambaza vya kukunja vya Kijapani vinavyoonyesha Wareno wenye pua ndefu wakishuka melini. Mgeni kutoka pwani ya Afrika Mashariki ana sababu ya kuinama na kutazama kitako cha chombo hicho. Maandishi yaliyopo yanaeleza kwamba Mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kazi ilikamilika mwaka 1506.

Kilwa hiyo ndiyo Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi. Mwaka 1502 Vasco da Gama, akiwa katika safari yake ya pili, alitia nanga mbele ya kisiwa na kundi la meli zenye mizinga. Alimtisha Amiri Ibrahim kwamba mji wake utachomwa, kisha akaondoka na kiapo cha utii pamoja na mithkali 1,500 za dhahabu. Dhahabu yenyewe ilichimbwa bara, katika nyanda za Zimbabwe ya leo, ikapitia bandari ya Sofala ambayo biashara yake ilikuwa mikononi mwa Waswahili. Huko Lisbon ikakabidhiwa kwa sonara Gil Vicente. Kabla hata kazi ya sonara haijaisha, Wareno walikuwa wamekwisha kurudi: Julai 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa, na mwezi uliofuata akaichoma Mombasa.

Watu huenda Lisbon kwa ajili ya jua, samaki wa kuchoma, vilima na tramu za manjano, na hawakosei. Ni mji mzuri, unaotembeleka kwa miguu. Ila msomaji wa Kiswahili anayefika huko hupata zaidi ya mandhari, kwa sababu makanisa, minara na makumbusho yake yamejaa habari za kwao zilizosimuliwa na upande wa pili.

Mahali pa kuendelea baada ya monstransi hiyo ni Belém, magharibi ya mji, kwenye ukingo wa mto. Tramu namba 15 hufika huko. Hapa ndipo meli za Vasco da Gama zilipong'oa nanga tarehe 8 Julai 1497. Monasteri ya Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwaka 1501, iligharimiwa kwa sehemu kubwa na kodi ya asilimia 5 iliyotozwa kwenye biashara ya Afrika na Mashariki. Kwa maneno mengine, pilipili manga na dhahabu ndizo zilizopandisha kuta zake. Mawe yake meupe yamechongwa kamba za meli, mafundo, matumbawe na mimea ya nchi za mbali, mtindo ambao Wareno wameupa jina la mfalme Manuel. Ua wa ndani wenye ghorofa mbili ni miongoni mwa kazi bora kabisa za mawe barani Ulaya, na unastahili kutazamwa bila haraka. Mlangoni mwa kanisa liko kaburi la Vasco da Gama, na ng'ambo yake liko la mshairi Luís de Camões, ambaye utenzi wake mkubwa wa mwaka 1572 unawataja Mombasa kama maadui na Malindi kama marafiki. Utenzi huo ndio kila mtoto wa Kireno anaosomeshwa shuleni, na kwa njia hiyo majina ya miji hiyo miwili yanajulikana Lisbon kuliko Mkenya angetarajia.

Mnara wa Belém, uliojengwa kati ya 1514 na 1519 kulinda mlango wa mto, uko mwendo wa dakika chache kutoka hapo. Kwenye pembe mojawapo pamechongwa kichwa cha kifaru. Inasemekana kilichongwa kwa kumbukumbu ya kifaru aliyeletwa kutoka India mwaka 1515, ambaye Albrecht Dürer alimchora bila kumwona. Foleni ni ndefu kiangazi na ngazi za ndani ni nyembamba; mwenye muda mchache autazame kwa nje tu.

Ukingoni mwa mto, mbele ya monasteri, umesimama ukumbusho wa wavumbuzi, uliojengwa kwa zege na mawe mwaka 1960 wakati Ureno ilipokuwa bado chini ya utawala wa kidikteta. Umbo lake ni kama omo ya meli, na sanamu 32 zimepangwa pande mbili nyuma ya mwanamfalme Henrique, zikitimia 33 pamoja na yake. Chini yake, sakafuni, imetandazwa ramani ya dunia yenye miaka ambayo Wareno walifika kila pwani. Ukumbusho huu una kasoro kubwa. Mwaka 1498 Vasco da Gama aliweza kuvuka bahari kutoka Malindi hadi Calicut kwa muda usiotimia mwezi kwa sababu Sultani wa Malindi alimpa rubani aliyeijua njia na majira ya kusi. Rubani huyo hakupewa nafasi miongoni mwa wale 33. Kwa mtu wa pwani, asiyekuwepo ndiye anayeshughulisha zaidi.

Kabla ya kuondoka Belém, hakuna anayepita bila kuonja keki ndogo za yai na maziwa, zenye ganda la unga linalovunjika mdomoni, zinazonyunyiziwa mdalasini. Duka la Pastéis de Belém limekuwa likiziuza tangu 1837, kwa kanuni iliyotoka katika monasteri ya jirani baada ya serikali kuzifunga nyumba za watawa mwaka 1834. Zinaliwa za moto. Zikipoa, nusu ya utamu imekwenda.

Katikati ya mji, Lisbon ina umbo lililotokana na msiba. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani na mishumaa ikiwaka, ardhi ilitetemeka kwa dakika kadhaa. Waliokimbilia mtoni kuepuka mawe walikutwa na tsunami, kisha moto ukala mji kwa siku nyingi. Waliokufa walifikia makumi ya maelfu. Waziri aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal alijenga upya eneo la Baixa kwa mitaa iliyonyooka, na ndani ya kuta za nyumba wahandisi wake walitia fremu za mbao zilizofungamana ili nyumba iyumbe bila kuanguka. Hizo ni kati ya nyumba za mwanzo Ulaya kujengwa kwa makusudi ya kuhimili tetemeko. Mitaa hiyo humiminika kwenye Praça do Comércio, uwanja mkubwa uliofunguka mtoni, mahali palipokuwa na jumba la mfalme na ofisi zilizohesabu mali zote zilizoletwa na meli kutoka Bahari ya Hindi.

Anayetaka kujua mji ulivyoonekana kabla ya siku ile aende Makumbusho ya Vigae, katika konventi ya Madre de Deus. Wareno wamevifanya vigae vya rangi kuwa sanaa yao ya taifa, na kimojawapo cha vitu vilivyohifadhiwa hapo ni picha ya Lisbon yote, iliyochorwa kwenye vigae vya buluu na vyeupe mnamo mwaka 1700, yenye urefu wa takriban mita 23. Majumba mengi yanayoonekana humo hayapo tena.

Juu ya Baixa, kanisa la Carmo liliachwa bila paa tangu tetemeko. Nguzo na matao yake bado yamesimama, mvua na jua vinaingia, na chumba cha nyuma kina makumbusho madogo. Lakini uwanja ulio mbele ya magofu hayo una historia ya karibu zaidi. Tarehe 25 Aprili 1974 waziri mkuu Marcello Caetano alijifungia katika kambi ya askari iliyo pembeni, huku kapteni Salgueiro Maia akiizingira kwa magari ya deraya na umati ukipanda miti kushuhudia. Jioni Caetano alisalimu amri. Watu walichomeka maua ya karnesheni kwenye mitutu ya bunduki, na udikteta wa karibu nusu karne ukaisha.

Maafisa vijana waliofanya mapinduzi hayo walikuwa wamechoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Na vita vya Msumbiji vilikuwa na makao yake Tanzania: FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, wapiganaji wake walifunzwa Nachingwea, na kiongozi wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu la kifurushi jijini Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Yeye mwenyewe aliwahi kusoma Lisbon. Kwa hiyo Mtanzania anayesimama katika uwanja wa Carmo anasimama penye tokeo la kazi ambayo nchi yake iliigharimia kwa miaka kumi na zaidi. Uwanja huo ni mtulivu, una kivuli na vibanda vya kahawa. Ni mahali pazuri pa kukaa saa nzima.

Upande wa pili wa bonde, karibu na kanisa kuu, jengo la Aljube lilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Tangu 2015 ni makumbusho. Wageni huonyeshwa vyumba vya upweke ambavyo mtu hawezi kunyoosha mikono, na maonyesho yanazungumzia polisi wa siri na harakati za ukombozi wa Afrika. Agostinho Neto, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Angola, alifungwa humo. Watalii ni wachache kuliko Belém. Ingefaa iwe kinyume.

Kutoka hapo unaanza mtaa wa Alfama, sehemu ambayo tetemeko halikuibomoa yote. Vichochoro vyake vinajipinda, nguo zinaanikwa madirishani, na ghafla mtu anatokeza kwenye baraza la wazi, mto wote ukiwa chini yake. Aliyezoea Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu hatapotea kwa urahisi. Kilimani iko ngome ya São Jorge, iliyokuwa mikononi mwa Waislamu hadi 1147, wakati Afonso Henriques alipouteka mji kwa msaada wa wapiganaji wa Msalaba. Tramu namba 28 hupanda huku kwa kukwaruza kuta. Ni burudani ya kweli, ila hujaa mno, na wezi wa mifukoni wanaifahamu vizuri. Apandaye asubuhi mapema hupata kiti.

Mashabiki wa mpira wana ziara yao. Chini ya kuba la kanisa la Santa Engrácia, lililofanywa kuwa mahali pa kuzikia mashujaa wa taifa, amelazwa Eusébio da Silva Ferreira. Alizaliwa Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo, mwaka 1942; akaifungia Ureno mabao 9 katika Kombe la Dunia la 1966, na alipofariki mwaka 2014 Lisbon nzima ilitoka barabarani. Mwaka uliofuata alihamishiwa hapo, karibu na Amália Rodrigues, malkia wa fado. Jumanne na Jumamosi soko la mitumba la Feira da Ladra hutandazwa nje ya jengo hilo.

Fado yenyewe isikilizwe usiku, katika vyumba vidogo vya Alfama au Mouraria. Taa hupunguzwa, gitaa la nyuzi 12 huanza, na kuanzia hapo anayeongea hukemewa na meza za jirani. Mezani patakuwa na bacalhau, ng'onda wa Wareno, na mwezi Juni, katika sherehe za Mtakatifu Antonio, moshi wa sardini hutanda mitaa yote. Kuku wa piri-piri, aliyefika kutoka Afrika, yuko kila kona.

Mwislamu hatapata taabu. Msikiti Mkuu ulifunguliwa mwaka 1985, na maduka ya vyakula vya halali yamejaa kuzunguka Martim Moniz, ambako wamiliki wengi wana asili ya Bara Hindi, baadhi yao wakiwa wamepitia Msumbiji. Waismailia nao wana kituo kikubwa tangu 1998. Kiongozi wao, Aga Khan wa Nne, ambaye hospitali za taasisi yake zinajulikana Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, alifariki katika mji huu Februari 2025.

Walio na watoto wasiikose Oceanário, bwawa la maonyesho la samaki lililofunguliwa kwa maonyesho ya dunia ya 1998, lenye tangi la katikati la lita milioni 5.

Watanzania na Wakenya wanahitaji viza ya Schengen. Kiwanja cha ndege kiko ndani ya mji na kinafikiwa kwa metro. Aprili, Mei na Septemba ni miezi ya hali ya hewa nzuri. Agosti ni joto na msongamano. Viatu viwe vya soli inayoshika, kwa sababu njia za miguu zimetandikwa vijiwe vyeupe ambavyo mvua huvifanya viteleze vibaya. Funikula ya Glória, iliyopanda kilima tangu 1885, ilipata ajali Septemba 2025 na kuua watu 16, hivyo kabla ya kupanga safari ni vyema kuulizia vyombo gani vya milimani vinafanya kazi. Na Jumatatu makumbusho mengi hufungwa. Hiyo ndiyo siku ya kupanda treni katika stesheni ya Rossio hadi Sintra, dakika 40 hivi, kwenye majumba ya wafalme yaliyojengwa juu ya milima yenye ukungu; hayo hufunguliwa.