Kodi ya Chumba na Kura ya Kabila

Chumba cha kawaida cha kupanga Kibera, jijini Nairobi, kina futi kumi kwa kumi: kuta za udongo, paa la mabati, pazia linalotenga kitanda na jiko. Sehemu kubwa ya ardhi ya Kibera ni ya serikali. Kwa miaka mingi mwenye nyumba alidai kodi bila hatimiliki, akitegemea ruhusa ya chifu. Siasa iliingilia mlango huo, kwani haki inayoshikiliwa na ofisa huyumba kila upepo wa siasa unapogeuka.

Wanubi ndio waliotangulia kukaa Kibera. Ni wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la kikoloni la Uingereza. Wakikuyu, Waluo, Waluhya na Wakamba walifuata, wengi wao wakiwa wapangaji. Mwishoni mwa 2001, uchaguzi mkuu ukiwa umebakiza mwaka mmoja, Rais Daniel arap Moi alitaka kodi ya Kibera ipunguzwe. Raila Odinga, mbunge wa eneo hilo na waziri wakati huo, alimuunga mkono. Wapangaji waligoma kulipa, wenye nyumba nao wakagoma kupunguza. Shauri la kodi, ambalo lingefaa kusikizwa barazani, likageuzwa vita vya Waluo wapangaji na Wanubi wenye nyumba. Watu waliuawa.

Ndiyo maana ni kosa kuuita mgawanyiko wa miji chuki ya kuzaliwa nayo. Majirani hawa huchota maji kwenye bomba moja. Kinachowatenga ni hofu ya kufukuzwa, na mwanasiasa huipa hofu hiyo jina la kabila.

Hofu hiyo ilionekana tena matokeo ya urais yalipotangazwa Desemba 30, 2007 na ghasia zikazuka. Soko la Toi, pembeni mwa Kibera, liliteketea. Wakikuyu wengi walitoroka Kibera. Huko Mathare, mtaa mwingine wa mabanda jijini, Waluo na Wakikuyu walihamana mtaa kwa mtaa, na vyumba vilivyoachwa vikapata wakazi wapya. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini kote.

Katiba ya 2010 inakataza chama cha siasa kujengwa juu ya kabila. Ni hatua kubwa, ila haimlindi mpangaji asiye na mkataba. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hatimiliki ya ekari 288 za Kibera, haki waliyoidai kwa vizazi. Uchaguzi ulikuwa Agosti 8. Wagombea watakaopita vichochoroni humo mwaka 2027 waulizwe kwanza: mpangaji atalindwa na sheria gani?