Simu ikipotea safarini, namba yako isipotee nayo

Kila juma kuna wenzetu wa Malemba-Nkulu walio njiani. Wengine wanapanda Lualaba kwa boti mpaka Bukama na vifurushi vya samaki wakavu, kisha wanangoja treni ya Lubumbashi au ya Kamina. Wengine wanakwenda kwa pikipiki, mtoto mgongoni. Katika safari za namna hii simu hupotea kwa urahisi. Inaanguka majini, inachomolewa katika msongamano wa soko, au inasahauliwa pale ilipoachwa kuchajiwa.

Mtu akipoteza simu, kwanza analia bei ya simu. Lakini simu inaweza kununuliwa tena. Kilicho ndani yake ndicho kinachouma zaidi. Ile kadi ndogo ya SIM ndiyo mlango wa pesa zako za M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Ndiyo inayopokea namba ya siri ya kufungua WhatsApp. Ndiyo inayojulikana na wakwe, wateja na wenzako wa likelemba. Anayeishika kadi hiyo anaweza kusema kwa jina lako.

Tena wengi wetu tumepiga picha ya kadi ya mpiga kura na kuiweka ndani ya simu, kwa sababu hapa kwetu kadi hiyo ndiyo kitambulisho chetu cha kila siku. Wengine wameandika namba ya siri ya pesa katika ujumbe, wasije wakaisahau. Hapo mwizi hana kazi ya kutafuta. Umemwekea kila kitu mahali pamoja.

Kabla ya kuondoka

Jambo la kwanza: jua kadi yako imeandikishwa kwa jina la nani. Wamama wengi wanatumia namba iliyoandikishwa kwa jina la mume, la kaka au la kijana aliyeiuza. Siku zote inafanya kazi vizuri, mpaka siku inapopotea. Ukienda kuomba kadi nyingine yenye namba ileile, kampuni inataka kumwona mwenye jina na kitambulisho chake. Kama mwenye jina yuko Kolwezi au amekwisha kufariki, pesa zako zinabaki mbali nawe. Nenda uandikishwe kwa jina lako mwenyewe wakati simu bado iko mkononi.

La pili: funga kadi, usifunge simu peke yake. Mwizi anaweza kuitoa kadi katika simu iliyofungwa na kuitia katika simu nyingine. Lakini kadi yenye PIN yake itamwuliza namba hiyo kila simu inapowashwa. Akikosea mara 3, kadi inajifunga, na kuifungua kunahitaji namba ndefu iitwayo PUK. Katika simu ya Kifaransa tafuta maneno Verrouillage de la carte SIM. Simu ndogo za vibonyezo nazo zinayo nafasi hiyo. Uliza kwanza PIN ya sasa ya kadi yako, usijaribu kwa kubahatisha.

La tatu: kwenye WhatsApp, weka namba ya pili ya siri yenye tarakimu 6. Katika Kifaransa inaitwa Vérification en deux étapes. Hata mtu akiipata kadi yako, hataweza kufungua WhatsApp yako mara moja katika simu nyingine bila namba hiyo.

La nne: chukua daftari. Bonyeza *#06# na simu itakuonyesha namba yake ya IMEI, yenye tarakimu 15. Iandike. Andika pia namba ya huduma ya kampuni yako, na namba 4 au 5 za watu wako. Wangapi kati yetu wanaijua kwa kichwa namba ya mume au ya binti mkubwa? Daftari moja libaki nyumbani, na karatasi moja uifunge katika kitambaa unachowekea franga zako. Usiandike humo namba ya siri ya pesa.

Saa ya kwanza baada ya kupoteza

Omba simu ya mwenzako na uipigie namba yako. Wako watu wema: aliyeokota anaweza kupokea. Mkikubaliana, mkutane mahali penye watu, wala usimwambie namba yoyote ya siri.

Kama hakuna anayepokea, usingoje jioni. Piga huduma ya kampuni yako, uombe wafunge namba na akaunti ya pesa. Mara nyingi namba fupi za huduma zinapatikana kwa simu ya mtandao uleule tu, kwa hiyo tafuta msafiri mwenye mtandao kama wako, au nenda kwenye kabini iliyo karibu ukaombe msaada.

Halafu wapigie watu wa nyumbani na mwekahazina wa likelemba. Mwambie mmoja atangaze katika kikundi kwamba simu yako imepotea na asiwepo atakayetuma pesa.

Kama ni simu kubwa yenye akaunti ya Google, unaweza kuingia katika akaunti yako kwa simu ya mwenzako, ukaifunga ile iliyopotea au kufuta vilivyomo. Hii inafanya kazi kama simu hiyo imewashwa na ina intaneti. Ukimaliza, toka kabisa katika akaunti yako kabla ya kurudisha simu ya watu.

Ukifika mjini, omba kadi mpya yenye namba ileile, kisha fungua WhatsApp yako katika simu nyingine. Hapo ile ya zamani inafungwa. Msidhani kufunga kadi kunatosha. Mwenye simu anaweza kuendelea kusoma na kuandika WhatsApp yako kwa intaneti ya Wi-Fi mpaka wewe uifungue kwingine.

Nanyi mliobaki nyumbani

Mara nyingi anayeibiwa si msafiri. Ni dada yake. Ujumbe unafika: "Niko Lubumbashi, mtoto amezidiwa, nitumie haraka kwa namba hii." Jina ni lake, picha ni yake. Moyo wa mama unatuma. Tafadhali, msitume kwa maandishi peke yake. Mpigie, usikie sauti yake, umwulize jambo ambalo nyinyi wawili tu mnalijua. Anayekataa kusema kwa sauti, mwogope.

Na akipiga mtu akisema anatoka kampuni ya simu, anataka namba yako ya siri ili akurudishie pesa, kata simu. Namba ya siri haiombwi na mfanyakazi wa kweli.

Sheria nayo iko upande wetu. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina Code du numérique, Ordonansi-sheria namba 23/010, inayolinda habari za mtu binafsi. Kwa hiyo ukitoa kadi ya mpiga kura ili ipigwe picha, una haki ya kuuliza: ni ya kazi gani?

Katika kikao kijacho kila mmoja aje na simu yake na daftari. Mabinti wanaojua Kifaransa cha simu watusaidie kuweka zile namba, mmoja baada ya mwingine, tuanze na wale watakaopanda boti juma hili. Safari njema, na Mungu awafikishe salama.