Madarasa ya wajawazito: Lipi ulipie, lipi uliache

Somo la kwanza la uzazi ambalo akina mama wengi wa Tanzania hulipata halina ada, halina cheti na halitangazwi mtandaoni. Hutolewa asubuhi kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto, kabla upimaji haujaanza. Muuguzi husimama mbele, huzungumza kwa dakika chache kuhusu lishe, malaria, dalili za hatari na maandalizi ya kujifungua, kisha huita namba ya kwanza. Wengine humsikiliza. Wengine wanalinda foleni, wanajibu ujumbe wa kazini, au bado wako kwenye daladala.

Jioni, mjamzito huyohuyo akifungua simu hukutana na matangazo. Lipo darasa la wiki nne kwa WhatsApp. Lipo la hotelini, Jumamosi, lenye zawadi ya begi la mtoto. Lipo linalofundisha kupumua wakati wa uchungu, na lingine linaahidi mtoto mwenye akili tangu akiwa tumboni. Mume akitajiwa ada anakumbusha kwamba mama yake alizaa watoto saba bila darasa lolote. Mke anajiuliza kama kutolipa ni uzembe.

Wote wawili wana hoja. Yapo madarasa ambayo ni mapambo tu, na yapo ambayo saa mbili zake zinaweza kuokoa maisha. Kazi ya mzazi ni kuyatofautisha kabla hajatuma fedha.

Pengo liko wapi

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 unatoa picha inayosaidia kuchagua. Vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vilishuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka makadirio ya 556 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Wanaojifungulia kwenye vituo vya afya walifika asilimia 81.

Lakini kwa watoto wachanga hali haikusogea kwa kasi hiyo. Kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 24 walifariki kabla ya kutimiza siku 28. Katika utafiti uliotangulia walikuwa 25.

Kwa mzazi, maana yake ni hii: kufika hospitali kujifungua ni hatua kubwa, ila safari haiishii hapo. Mtoto akirudi nyumbani na mama yake, ulinzi wake unabaki mikononi mwa watu wa nyumba hiyo. Kwa hiyo, darasa linalotumia saa tano kueleza uchungu na dakika tano kueleza siku 28 za mwanzo limepanga mizani vibaya.

Anza na la bure

Kabla ya kulipia chochote, chukua kilicho chako kliniki. Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu mwaka 2016 linashauri mjamzito akutane na mtoa huduma angalau mara nane, mara ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo. Katika utafiti huohuo wa 2022, waliohudhuria mara nne au zaidi walikuwa asilimia 65. Kwa mama aliyeruka mahudhurio mawili kwa sababu ya kazi, kuyafidia kuna thamani kuliko darasa lolote la kulipia, kwa kuwa hakuna mwalimu wa WhatsApp anayeweza kupima shinikizo la damu, mkojo au wingi wa damu yake.

Ugumu wa kliniki ni muda. Muuguzi mwenye foleni ndefu hawezi kukaa na kila mmoja. Dawa yake ni kwenda na maswali matatu yaliyoandikwa, si kumi na tano. Mfano: Nikiumwa usiku niende wapi? Hospitali nitakayojifungulia inaruhusu msindikizaji chumba cha kujifungulia? Nije na vifaa gani? Majibu ya maswali hayo hutofautiana kati ya kituo na kituo, na darasa la mtandaoni haliyajui.

Namba moja ya kuondoka nayo ni 115. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, unaoratibu usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Iandike kwenye simu ya mama, ya baba na ya mtu mwingine mzima wa nyumbani.

Yanayostahili ada

La kwanza ni darasa la kumtunza mtoto mchanga na kutambua dalili za hatari. Linafaa zaidi likiwa na mwanasesere wa kufanyia mazoezi na mkunga au muuguzi wa kusahihisha mikono. Mzazi akimaliza anatakiwa ajue kwamba mtoto hukimbizwa kituoni anaposhindwa kunyonya, anapolegea, anapopata degedege, anapopumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kinapobonyea ndani akivuta pumzi, joto lake linapofika nyuzi 37.5 au kushuka chini ya 35.5, kitovu kinapotoa usaha au kuwa chekundu pembeni, na unjano unapofika viganjani na nyayoni. Darasa liseme pia kuhusu kitovu: kibaki kikavu na kisafi, kisipakwe majivu, mafuta, mate wala kinyesi cha mnyama. Na kuhusu kuoga: WHO inashauri mtoto akae saa 24 kabla ya kuogeshwa mara ya kwanza.

La pili ni unyonyeshaji. Wengi hudhani ni jambo linalojileta lenyewe, hadi usiku wa tatu chuchu zinapopasuka, titi linapojaa kama jiwe na mtoto hanyamazi. Hapo ndipo kopo la maziwa huingia nyumbani. Kinachoshauriwa ni kumnyonyesha ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, na kumpa maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, bila maji wala uji. Somo zuri la saa mbili huonyesha jinsi mtoto anavyoshika titi, namna ya kukamua, na jinsi ya kuhifadhi maziwa kwa mama atakayerudi kazini. Kwa aliyeajiriwa, likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, hivyo muda wa kukamua utafika kabla miezi sita haijaisha. Ukiweza, gawa ada hiyo: nusu kabla ya kujifungua, nusu kwa mtaalamu atakayefika nyumbani katika wiki ya kwanza. Titi hufundishika vizuri zaidi mtoto akiwepo.

La tatu ni huduma ya kwanza kwa watoto, hasa mtoto anapopaliwa na kitu. Kwa aliye chini ya mwaka mmoja, anayefundisha vizuri ataonyesha kumlaza kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, na kumpiga makofi matano mgongoni kati ya mabega. Kisha, kikiwa hakijatoka, kumgeuza na kumbonyeza kifuani mara tano. Tumbo la mtoto wa umri huo halibonyezwi. Hili halijifunzwi kwa kutazama video. Lahitaji mikono, mwanasesere na mtu wa kukukosoa. Usipobonyeza chochote kwa mkono wako, fedha imepotea.

Uchungu na kupumua

Madarasa ya kupumua yana historia ndefu. Daktari Fernand Lamaze wa Ufaransa aliyaeneza miaka ya 1950 baada ya kuona mbinu zilizotumika Muungano wa Kisovyeti. Wanaoyapenda husema yanapunguza hofu, na kwa mama anayezaa mara ya kwanza hofu si jambo dogo.

Ushahidi, hata hivyo, unataka kiasi. Mapitio ya kitafiti ya Cochrane ya mwaka 2007, yaliyokusanya tafiti tisa zenye washiriki 2,284, hayakuweza kuthibitisha faida za jumla za madarasa ya wajawazito, kwa sababu tafiti zilikuwa ndogo na zilitofautiana mno. Kilichoonekana kusaidia kwa uwazi zaidi ni kitu kingine: mama kuwa na mtu wa kumtia moyo mfululizo wakati wa uchungu. Mapitio ya mwaka 2017, yenye wanawake zaidi ya 15,000, yalionyesha kwamba waliopata msaada huo walielekea kujifungua kwa njia ya kawaida zaidi na uchungu wao ulikuwa mfupi kidogo.

Kwa hiyo, kama darasa la uchungu linamfundisha mume, dada au shangazi namna ya kukanda mgongo, kumpa maji, kumtembeza na kukaa naye bila kumfokea, lina maana. Kama linamfundisha mama peke yake kuhesabu pumzi huku hospitali hairuhusu msindikizaji, uliza kwanza hospitali, ndipo ulipe.

Yanayoweza kusubiri

Darasa la kumsikilizisha mtoto muziki tumboni ili awe na akili halina ushahidi wa kuaminika. Mtoto husikia sauti katika miezi ya mwisho ya ujauzito, na sauti ya mama na baba yake haina ada.

Mazoezi ya wajawazito yana faida, lakini ukumbi si lazima. Mjamzito asiye na katazo la daktari anashauriwa kufanya mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki. Kutembea haraka haraka jioni kwa dakika 30, siku tano, kunatimiza.

Darasa la kupamba chumba, kupanga nguo na kuchagua kigari ni maonyesho ya biashara. Nenda ukipenda, ila usilihesabu kuwa ni elimu ya afya.

Kuwa makini zaidi na darasa la bure lenye zawadi nyingi. Uliza nani anagharamia. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa maziwa mbadala inakataza wauzaji kuwafuata wajawazito na kuwagawia akina mama sampuli. Ukikuta kopo la maziwa ndani ya begi la zawadi, umeshajua darasa lile lilikuwa la nani.

Maswali matano kabla ya kutuma fedha

Mwalimu ni nani? Mkunga na muuguzi husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Anayejitambulisha kwa idadi ya wafuasi bila kutaja taaluma yake si mwalimu wa kumwachia uhai wa mtoto.

Mko wangapi? Kundi la WhatsApp lenye watu 200 ni redio. Swali lako la saa nne usiku litazama chini ya salamu za asubuhi.

Kuna mazoezi ya mikono? Kama hakuna, linganisha ada na kitabu au maelezo ya bure.

Nani mwingine anaruhusiwa? Watu watakaomwogesha mtoto, kumkanda mama na kutoa ushauri usiku mara nyingi ni bibi, mama mkwe au wifi. Darasa likimfundisha mama mdogo tu, akirudi nyumbani atabishana na mkubwa wake akiwa bado na mshono. Mama mkwe akilisikia jambo la kitovu kwa mkunga mwenyewe, ubishi unaisha bila mtu kuvunjiwa heshima.

Mwisho wake linauza nini? Mafuta, chai ya kuongeza maziwa, dawa za asili za kuharakisha uchungu? Hizo za mwisho ni za kukimbia. Zinaweza kusababisha mji wa mimba kujikaza kupita kiasi.

Baba asiachwe

Sheria ya ajira inampa baba likizo ya angalau siku tatu mtoto anapozaliwa. Siku tatu huishia kwenye kwenda na kurudi hospitali, hivyo muda wake wa kujifunza ni kabla. Kama fedha inatosha kwa mtu mmoja na kwa somo moja, zipo nyumba ambazo uamuzi bora ni baba aende. Mama ana kliniki; baba mara nyingi hana pa kuuliza. Na mama akianza kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, hadi pedi zinalowa moja baada ya nyingine, anayepaswa kulitambua na kupiga simu ni mtu mwingine wa nyumbani.

Wakati mzuri ni kati ya wiki ya 28 na ya 36. Mapema sana, mengi yatasahaulika. Kuchelewa, mtoto anaweza kutangulia darasa.

Mpangilio wa fedha

Ada ya darasa isitoke kwenye akiba ya dharura. Kwanza nauli ya usiku na vifaa vya kujifungulia, pili fedha ya kurudi kituoni baada ya kujifungua, tatu darasa. WHO inashauri mama na mtoto waonwe ndani ya saa 24 za kwanza, kisha siku ya pili hadi ya tatu, wiki ya pili na wiki ya sita. Wengi huenda ile ya wiki ya sita tu, ilhali hatari kubwa zaidi iko wiki ya kwanza.

Nyumba isiyoweza kulipia lolote haijapoteza kila kitu. Mahudhurio yote ya kliniki, maswali matatu kila mara, orodha ya dalili za hatari iliyobandikwa mlangoni, namba 115 kwenye simu tatu, na bibi aliyeongozana na mjamzito kliniki angalau mara moja. Asubuhi ile muuguzi anaposimama mbele ya benchi, simu iwekwe pembeni kwa dakika kumi.