Jiwe na Sanadi Yake

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Mwanza kwa njia ya nchi kavu, akishaipita Manyoni na Ikungi na kuukaribia mji wa Singida, huanza kuona ajabu ambayo wenyeji waliacha zamani kuistaajabia: majabali ya itale, mengine makubwa kuliko nyumba, yamebebana na kuegemeana pande zote za njia hata kuzifikia kingo za maziwa ya Singida na Kindai, yakikaa kwa mizani ambayo hakuna fundi angethubutu kuipanga. Juu ya majabali hayo sisi watoto wa mkoa huu tulianika uwele na mtama, tuliteleza mpaka kaptura zikatoboka, tulijibanza mvua iliponyesha, na kwa sababu hiyo hiyo ya mazoea hatukupata kuyauliza umri wake. Wajuzi wa elimu ya miamba husema kwamba itale hii ni sehemu ya kiini cha kale cha nchi yetu, na kwamba umri wake wapindukia miaka bilioni 2.5, na mimi, niliyezaliwa juu yake, niliyasikia hayo kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu wa Tanga ambaye hajapata kufika Singida.

Mtu huyo ni mwalimu aliyestaafu, na mpaka leo hatujapeana mkono. Tulikutana katika baraza isiyo na mkeka wala birika la kahawa, baraza ya simu, ambamo wapenzi wa mawe, wengine wachimbaji wadogo, wengine wanafunzi wa jiolojia, wengine akina mama wauza ushanga, na wengine, kama mimi, watu wasio na hoja ya kujitetea isipokuwa mapenzi yao, hutumiana picha na maswali tangu alfajiri mpaka usiku wa manane. Swali ni lile lile kila siku: jiwe hili ni jiwe gani? Mgeni akiyasoma mazungumzo yao kwa siku moja atadhani amewaingilia wendawazimu wapole.

Niliingia humo kwa tamaa, si kwa elimu, na sioni haya kulikiri hilo. Chini ya mteremko wa Sekenke, pale barabara inaposhuka kutoka uwanda wa juu wa Iramba kwenda mbuga za Wembere, niliokota jiwe lenye punje za manjano zilizong'aa juani, na yeyote aijuaye Sekenke atanisamehe kwa niliyoyawaza. Huko ndiko Wajerumani walikoanza kuchimba dhahabu mwaka 1909, ukawa mgodi wa kwanza wa dhahabu katika nchi hii. Na vita vilipowafungia njia ya bahari, dhahabu ya huko ndiyo iliyofuliwa Tabora mwaka 1916 ikawa sarafu za rupia 15 zenye sura ya tembo, ambazo leo wakusanyaji wa sarafu huzitafuta dunia nzima. Mtu aliyeokota jiwe la manjano katika ardhi yenye habari kama hizo hulala macho wazi. Nililala hivyo usiku wa kwanza na wa pili. Siku ya tatu nikaituma picha.

Majibu yalinifikia kabla chai haijapoa, na katika wote walionijibu hapana hata mmoja aliyeuliza bei. Wa kwanza alinitaka nilisugue jiwe juu ya mgongo wa kigae, upande ule usiopakwa rangi ya kung'aa, kwa kuwa dhahabu huacha mstari wa manjano, na paraiti, ambayo ni chuma na salfa vilivyoungana, huacha mstari mweusi wenye ukijani. Wa pili alisema nibandue punje moja niigonge kwa nyundo: dhahabu hukubali kipigo na kubapa kama chapati, bali paraiti huvunjika ikawa unga na kutoa harufu ya kiberiti. Wa tatu alinikumbusha uzito, kwamba dhahabu huyashinda maji ya ujazo ule ule mara 19, hali paraiti huyashinda mara 5 tu, hata kiganja kisicho na elimu huweza kuhisi tofauti. Niliyafanya yote uani, mke wangu akinitazama kutoka jikoni bila kusema neno. Mstari ulikuwa mweusi.

Naomba msomaji apime uzito wa tendo hilo. Katika mkoa ambao jiwe lina bei, na ambao dalali aweza kumsifia mtu kwazi nyeupe hata akaamini kwamba ameshika almasi, watu nisiowajua waliniambia kwamba utajiri wangu si utajiri. Waliniambia bila kunicheka. Na kisha wakanifundisha njia ya kujihakikishia mwenyewe, ili kesho nisiwahitaji. Hisani ya mali nimeiona mara nyingi, na mara nyingi nimemwona mtoaji akikaa karibu na alichokitoa apate kushukuriwa. Hisani ya ukweli ni adimu zaidi.

Ndipo yule mwalimu wa Tanga, aliyekuwa kimya muda wote, akaandika maneno machache: "Usilitupe, ndugu yangu. Andika mahali ulipoliokota."

Sikumwelewa, maana jiwe lisilo dhahabu lina haja gani ya kuandikiwa? Akanijibu kwa mfano ambao mtu aliyekaa chuoni utotoni hawezi kuusahau. Hadithi ya Mtume, alisema, haipokelewi kwa uzuri wa maneno yake peke yake. Hutazamwa sanadi yake, yaani silsila ya wapokezi, fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani, na silsila ikikatika hadithi hudhoofika ijapokuwa matamshi yake ni matamu kama asali. Jiwe nalo lina sanadi. Kila kipande kina kikaratasi chake, kikiwa na jina la madini, kijiji na wilaya lilikotoka, tarehe, jina la aliyeliokota, na jina la aliyepewa. Na likihama mkono, mpokeaji mpya haruhusiwi na adabu ya kazi hiyo kukitupa kikaratasi cha zamani, bali huongeza chake pembeni. Jiwe lililopotewa na kikaratasi, hata liwe zuri namna gani, hubakia pambo la dirishani, kwa sababu haliwezi tena kumweleza mtu habari za ardhi iliyolizaa.

Mwenye kudhani kwamba hayo ni mapambo ya wazee wasio na shughuli na aitazame Ivuna. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka katika kijiji hicho, kusini-magharibi ya nchi yetu karibu na Ziwa Rukwa, na vipande vilivyopatikana vilikuwa na uzito wa gramu 705 tu, pungufu ya kilo moja ya sukari. Kimondo cha Mbozi, kisichokuwa mbali sana na huko, ni pande la chuma linalokisiwa kuwa tani 16, na watalii husafiri kwenda kulipapasa. Lakini ni Ivuna, kile kidogo cheusi chenye kumeguka, kilichokuwa na bahati ya kuokotwa upesi na kuandikiwa mahali pake, ambacho wanazuoni wamekifanya kipimo cha kundi zima la vimondo vya asili kabisa, wakaliita kwa herufi mbili, CI, na herufi ya pili ni ya Ivuna. Chombo cha Wajapani kilipoleta mchanga wa sayari ndogo ya Ryugu mwezi wa Desemba 2020, wajuzi walioupima walisema kwamba unafanana na mawe ya kundi hilo. Jina la kijiji cha kwetu latajwa kila yanapozungumzwa mavumbi yaliyoliunda jua, nalo lilidumu kwa kuwa kuna aliyeliandika.

Na yaliyopoteza maandiko yake? James Smithson, Mwingereza aliyeiachia Marekani mali iliyoanzisha taasisi ya Smithsonian, alikusanya maelfu ya mawe, na madini mojawapo ya zinki yanaitwa kwa jina lake. Moto wa mwaka 1865 uliyateketeza mawe hayo pamoja na makaratasi yake. Baadaye taasisi hiyo hiyo ilipokea, mwaka 1926, vipande vipatavyo 16,000 vya Washington Roebling, mhandisi aliyejenga daraja la Brooklyn, ambavyo mwanawe alivitoa hiba baada ya kifo cha baba yake. Hizo ni hiba za matajiri. Mimi hupendezwa zaidi na desturi ya wakusanyaji wa fuwele ndogo za Marekani na Ulaya, zile zisizoonekana uzuri wake ila kwa hadubini, ambao katika mikutano yao huweka meza moja ya vipande vya bure: kila mtu hutua alivyo navyo zaidi, na kila mtu, awe mgeni aliyefika asubuhi hiyo, huchukua avipendavyo. Almasi ya waridi ya Mwadui, karati 54.5 kabla ya kukatwa, ambayo Williamson, mwenye mgodi wa huko, alimtunukia Binti Mfalme Elizabeth kwa harusi yake ya mwaka 1947, ilikuwa tunu adhimu, nami siikatai sifa yake. Ila ilitoka kwa mwenye mgodi ikaenda kwa mwenye taji, na ardhi ya Wasukuma haikuulizwa.

Tunu za baraza yetu husafiri kwa basi. Ya kwanza niliyoipata ilifika stendi ya Singida ndani ya boksi la sabuni lililofungwa kwa kamba ya katani, na kondakta aliyenikabidhi alilipima kwa mkono, akalitikisa, akaniuliza: "Mzee wangu, humu mna nini?" Nikamjibu kwamba ni mawe. Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Mzee, nani anakuletea mawe Singida?" Abiria walicheka, nami nikacheka nao, kwa kuwa hoja yake ilikuwa na nguvu. Ndani mlikuwa na kipande cha chokaa kutoka Maweni, Tanga, kijivu, kisicho na haiba, pamoja na ndimu mbili na maelekezo: nikwangue unga kidogo kwa kisu, niukamulie ndimu, kisha niinamishe sikio. Unga ule ulichemka ukinong'ona. Chokaa ile ilizaliwa chini ya bahari, na siku ile, katika mkoa usio na bahari, nilisikia pumzi yake ikitoka.

Nami nikampelekea yule mwalimu wa Tanga jasi ya Itigi, laini hata ukucha huikwaruza, ambayo katika ngazi kumi za ugumu zilizotungwa na Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812 hukaa daraja la pili. Na kipande cha itale ya nyumbani, chenye kwazi ya rangi ya moshi, feldispa ya rangi ya nyama mbichi, na vijani vya ulanga vinavyong'aa kama magamba ya dagaa. Nilitia na kuku wawili hai kwa heshima ya mkoa, na hao, nasikia, hawakuandikiwa kikaratasi.

Nisije nikafikiriwa kwamba nawasifu malaika. Kuliko jiwe lenyewe, kitu cha thamani mtu anachoweza kumpa mwenziwe katika kazi hii ni habari ya mahali, na habari ya mahali, katika nchi ambayo neno moja la dhahabu laweza kuleta rashi ya watu elfu kabla ya Ijumaa, ni amana nzito. Mwenzetu mmoja aliambiwa na kijana wa Iramba juu ya korongo lenye fuwele nzuri nyuma ya shamba la mama yake. Haukupita mwezi, korongo likajaa mashimo, mihogo ya mama ikang'olewa, na kijana akatoka katika baraza bila kuaga. Sijui kama aliyesema alisema kwa tamaa au kwa ulimi mwepesi, na kwa yule mama haikuwa na tofauti. Tangu siku hiyo tumekubaliana kwamba jina la kijiji huandikwa katika kikaratasi, bali njia ya kufika haitangazwi barazani. Hutolewa mtu kwa mtu, na aliyepewa huulizwa kwanza kama mwenye shamba ameridhia.

Ipo na mipaka ya sheria, nayo yapasa kujulikana na kila mwenye kuinama akaokota. Madini hayatoki nje ya mipaka ya nchi bila kibali, kama isemavyo Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Na zana za mawe za watu wa kale, zile zilizochongwa makali, si mawe ya kukusanya hata kidogo, kwa kuwa zalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Akiiona zana kama hiyo, mpenzi wa kweli huipiga picha, huiacha ilipolala, na kuwaarifu wahusika. Ndiyo maana sahibu yetu mmoja aishiye Maskati, ambaye nyanya yake alitoka Unguja na ambaye Kiswahili chake kina lafudhi nzuri kuliko yangu, mimi naye hubadilishana picha tu. Milima ya huko ina ajabu yake: ni sakafu ya bahari ya kale iliyosukumwa juu ya nchi kavu, miamba ya kijani iliyokolea karibu na weusi, yenye umri wa miaka milioni 95 hivi. Nilipomtumia picha ya jabali la nyuma ya nyumba yangu pamoja na umri wake, alinijibu kwamba mlima wake umeliamkia shikamoo.

Msomaji, yumkini nawe unalo jiwe, juu ya dirisha au ndani ya kabati la vyombo, uliloletewa na mjomba kutoka machimboni au uliloliokota siku ambayo bado waikumbuka. Kabla hujaisahau, twaa penseli, maana wino hufifia, ukate karatasi ndogo, uandike kijiji, mwezi na mwaka, na jina la aliyekupa.